Fundi anataka saruji, shangazi anataka chokaa: nyumba ya urithi inatutoa jasho

Assalaam alaykum Mshauri,

Nyumba yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Ni ya mawe, ya urithi, ghorofa moja juu. Chini tunaishi mimi, wanangu na shangazi yetu, dada yake marehemu baba. Juu kuna vyumba viwili visivyokalika kwa kuvuja. Kaka yetu mkubwa yuko Maskati, na yeye ndiye anayetuma fedha za matengenezo.

Balaa liko sebuleni. Ukuta umelowa hadi kifuani, rangi imetoa malengelenge, ukiyaparua unadondoka unga mweupe ambao ukiulamba ni chumvi. Swichi ya taa ya upande huo nikiigusa na mkono wenye maji hunitetemesha. Huko chini baba mwenyewe ndiye aliyeondoa chokaa ya zamani, akapiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta, kwa sababu chokaa ilikuwa inachafua kanga na makochi. Wakati uleule akamwaga zege uwani kote, udongo usionekane. Miaka ya mwanzo palipendeza, kila mgeni akisifu. Kisha unyevu ukaanza kuchungulia chini, na kila mwaka unapanda.

Sasa kaka katuletea fundi. Fundi anasema lipu ya baba ilikuwa na saruji chache ndiyo maana imeshindwa. Anataka apige mpya yenye saruji nyingi na dawa ya kuzuia maji, kisha tubandike marumaru hadi usawa wa dirisha ili unyevu usionekane tena. Juu anataka kumwaga zege la inchi nne juu ya paa la zamani, na tangi la lita 2,000 likae hapohapo. Pia anataka kubomoa ukuta mmoja wa ndani ili sebule iwe kubwa, maana mwezi wa Saba tuna harusi ya binti yetu. Kaka kakubali yote. Ameongeza kwamba kama tutaweka bati popote basi iwe geji 32, kwa kuwa ndiyo nene.

Shangazi kasusa. Anasema nyumba hii ilikuwa ikipakwa chokaa kila Ramadhani ikikaribia na hakukuwa na maradhi haya, na kwamba saruji ndiyo iliyoiua. Kaka anamwona mtu wa zamani. Mimi niko katikati. Nimsikilize nani kabla masika hayajaingia?

Dada wa Kiponda

*

Waalaykumu salaam dada wa Kiponda,

Kabla ya yote, hiyo swichi. Leo hii zima umeme wa upande huo kwenye sakiti breka, na umwite fundi umeme mwenye leseni, siyo huyo wa lipu. Ukuta uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme vizuri mno, na unao watoto ndani. Asiguse mtu ukuta huo kwa nyundo wala patasi mpaka waya zijulikane ziko wapi.

Sasa kwenye ugomvi wenu. Shangazi yako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, na fundi wako, nasema bila kumvunjia heshima, anazungumzia nyumba nyingine. Yote aliyokwambia yanafaa, au yanaelekea kufaa, kwenye nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa Fuoni au Mwanakwerekwe ikiwa na nailoni ya kuzuia unyevu chini ya ukuta. Yenu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, ukuta wenye unene wa nusu mita au zaidi, msingi umekaa ardhini bila kizuizi chochote. Kwa muda wote iliosimama, ukuta huo umekuwa ukinyonya maji kutoka ardhini. Hilo haliepukiki na wala halikuwa tatizo, kwa sababu maji yaliyoingia chini yalitoka palepale chini kupitia chokaa, hewa ikayachukua.

Watu wengi hudhani unyevu ni dalili kwamba ukuta umedhoofika na unahitaji kitu kigumu zaidi. Hapa ni kinyume chake. Chokaa ina vitundu vidogo vidogo vinavyopitisha mvuke. Saruji imefunga, na rangi ya mafuta juu yake imefunga zaidi. Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipouvika ukuta saruji, maji hayakuacha kuingia kutoka chini. Yalikosa tu mahali pa kutokea. Yakapanda kutafuta mlango, na mlango wenyewe ni pale saruji inapokoma au inapopasuka. Kumvisha koti la mvua mtu aliyekwisha kulowa hakumkaushi. Marumaru hadi dirishani maana yake unyevu utakuja kuchungulia juu ya dirisha, na safari hiyo utakuwa umefika karibu na ncha za boriti zilizobeba sakafu ya juu.

Ile chumvi uliyoilamba ndiyo inayobomoa, si maji yenyewe. Maji yanapopanda huyeyusha chumvi iliyomo ardhini na ndani ya mawe, ambayo asili yake ni bahari. Maji yakikauka, chumvi inabaki na kuwa chenga ngumu nyuma tu ya uso wa ukuta. Chenga zile hukua na kusukuma. Kwenye ukuta wa chokaa zinachobomoa ni chokaa, kitu laini, rahisi, unachokibandua na kukirudishia. Kwenye ukuta wa saruji, saruji inagoma kubomoka, kwa hiyo kinachosagika ni jiwe lililo nyuma yake. Gonga lipu yako kwa mpini wa bisibisi ukitembea kutoka chini kwenda juu. Patakapolia kama pana uwazi ndani, lipu imekwisha kuachana na ukuta, na kikija kipande kikaanguka utakiona kimetoka na ngozi ya jiwe. Wazee hawakupaka chokaa kwa kukosa uwezo wa kununua kingine. Kazi ya chokaa ilikuwa kuliwa yenyewe ili jiwe lipone.

Kama kaka haamini, fanyeni jaribio lisilo na gharama. Katika sehemu iliyobanduka rangi, bandika kipande cha nailoni nyeupe cha mraba, pande zote nne kwa gundi ya utepe, kaza hewa isipite. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, baina ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa nje, ni joto na unyevu wa chumba, na dawa yake ni madirisha. Mpigie picha, umtumie.

Ila usiishie hapo, kwa sababu ardhi si mshtakiwa pekee. Usiku, funga mifereji yote ya maji, weka alama ya chaki kwenye usawa wa maji ndani ya tangi, asubuhi angalia. Usawa ukishuka, mna bomba linalovuja, na mabomba yaliyozikwa ndani ya kuta za zamani huvuja kimya kimya kwa miaka. Angalia karo, yaani shimo la maji machafu, liko umbali gani na ukuta ule. Halafu nenda uwani na ndoo ya maji, imwage, utazame yanakimbilia wapi. Mimi nina shaka kubwa na lile zege la uwani, pengine kuliko lipu. Ardhi iliyokuwa wazi ilikuwa inapumua; ilipofunikwa yote, unyevu uliokuwa ukitokea uwani ulibaki na njia moja tu, nayo ni kuta zenu. Na zege likiwa na mteremko kuelekea nyumbani, kila mvua inamwagikia msingini. Vunjeni ukanda wa upana wa mkono mmoja kandokando ya ukuta, mjaze kokoto tupu, zisizo na saruji. Ni kazi ya siku chache na huenda ikawa ndiyo yenye faida kuliko zote.

Nakuja kwenye paa, na hapa nasema kwa sauti: zege la inchi nne hapana. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400. Chukua chumba cha mita 3 kwa 5. Inchi nne ni kama sentimita 10, kwa hiyo utamwaga mita moja na nusu za ujazo, karibu tani tatu na nusu za ziada, juu ya sakafu ya chokaa na mawe ambayo tayari ni nzito, iliyobebwa na boriti za mikoko zilizokuwa zikilowa kila masika. Lita 2,000 za maji ni tani mbili nyingine. Hiyo si kuziba uvujaji.

Mkoko ni mti mgumu na mchwa hawaupendi, lakini boriti huoza mahali pamoja pasipoonekana: ncha zake zilizoingia ukutani. Panda juu na bisibisi, uichome kila boriti pale inapokutana na ukuta. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, boriti hiyo haina mkono wa kushikia. Hazibadilishwi zote; hubadilishwa zilizooza, moja baada ya nyingine, sakafu ikiwa imetegemezwa kwa magogo kutoka chini. Na tangi lishuke uwani, mtumie pampu ndogo.

Paa lenyewe lina njia mbili. Kama nyufa ni chache, zinasafishwa, zinajazwa chokaa na mchanga, mteremko unarekebishwa na matundu ya kutolea maji yanazibuliwa. Mara ngapi nimeona paa likilaumiwa kumbe limeziba tundu moja kwa majani na kunguru aliyekufa. Kama limechakaa kabisa, wekeni bati jepesi juu yake kwenye fremu ya mbao, kama yalivyofanyiwa mapaa mengi hapo mjini. Na hapo mwambieni kaka kwa upole kwamba geji huhesabiwa kinyume: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kwa upepo wa chumvi wa Kiponda mimi ningechukua 28, iliyopakwa aluzinki (mchanganyiko wa aluminiamu na zinki), na misumari yake iwe na mipira. Wauzaji wengine hawakukosoi ukisema 32 ndiyo nene, wanakupimia tu.

Ukuta wa ndani usibomolewe. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu wa kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Kila ukuta unaouona umebeba kitu, hata ule unaoonekana kama wa kugawia tu, na kuta hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe. Sijaiona nyumba yenu, lakini hakuna anayeweza kukwambia kwa kutazama tu sebuleni kwamba huo mmoja hauna kazi. Nani asiyekumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, ilipoporomoka kazi za ukarabati zikiendelea, watu wawili wakapoteza maisha? Sifananishi sababu, na jumba lile ni kubwa mara nyingi. Nakumbusha tu kwamba jengo la zamani linaweza kuanguka likiwa mikononi mwa wanaolitengeneza.

Jambo hilo linanipeleka kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985 kwa kazi hii hasa. Mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo ya nyumba kama yenu yanahitaji kibali chao. Najua watu wanavyosema: ukienda kule watakuzuia usiguse hata msumari. Hiyo nayo ni dhana. Ukienda na ombi la kurudisha chokaa, kubadilisha boriti zilizooza na kutengeneza paa, unaomba kile wanachotaka kifanyike. Atakayepata shida ni fundi wako na zege lake. Waombeni pia mtu wa kuja kutazama ule ukuta na ncha za boriti. Maoni ya mtaalamu aliyesimama chumbani yana uzito kuliko yangu.

Sasa, lipu ya saruji itolewe vipi? Taratibu, kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, kuanzia palipokwisha kuachana. Isipigwe kwa nyundo kubwa wala drili ya kuvunjia. Mtikisiko huo unaulegeza udongo ulioshikilia mawe. Palipoganda na kugoma, pande za juu hasa, paacheni kwa sasa. Chini ikishavuliwa, ukuta uachwe wazi, madirisha yafunguliwe, na ile chumvi inayotoka ipigwe brashi kavu na kuzolewa nje. Msiioshe kwa maji, mtairudisha ndani.

Hapa ndipo mtakapogombana na kalenda. Wanaotengeneza majengo ya zamani hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene wa ukuta. Ukuta wa nusu mita ni inchi 20. Hata tukihesabu kwamba unakauka pande zote mbili, hakuna ukuta utakaokuwa mkavu kwa harusi ya mwezi wa Saba. Fundi atakayekuahidi hivyo anakuahidi rangi, siyo ukuta.

Lakini harusi itapendeza. Kwa sherehe, pakeni chokaa ya maji juu ya jiwe lililovuliwa na juu ya lipu iliyobaki ambayo rangi yake imekwaruzwa: chokaa iliyozimuliwa, yaani iliyotiwa maji ikachemka mpaka ikatulia, na kukaa ndani ya maji wiki kadhaa, ikachujwa kwa kitambaa, ikawa nyepesi kama maziwa. Ukuta unanyunyiziwa maji kwanza, halafu mikono minne au mitano myembamba, kila mmoja ukauke. Ukiupaka utaona kama maji tu na fundi atakucheka. Asubuhi utakuta mweupe. Haifungi unyevu, na ukali wake unaua ukungu. Kuhusu kanga za wageni, chokaa inayochafua nguo ni ile iliyopakwa nzito kwenye ukuta mkavu, au ya mfuko iliyokorogwa asubuhi ikapakwa mchana. Vilevile makochi yasogezwe shibiri moja kutoka ukutani, hewa ipite.

Lipu halisi ya chokaa ingojee baada ya harusi, upepo wa kusi ukiwa bado unavuma na jua si kali. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa shimo, uliochekechwa, usio na udongo mwingi, na kamwe usiwe wa ufukweni, vinginevyo mmenunua chumvi nyingine. Safu isizidi sentimita moja, ikauke siku kadhaa, iwekewe nyingine. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, ikikaushwa kwa haraka hupasuka. Kwa hiyo mtundike magunia yaliyoloweshwa mbele yake na myanyunyizie asubuhi na jioni. Fundi atakwambia, tutie saruji kidogo tu ishike upesi. Mkatalie. Hiyo kidogo ndiyo inayoziba vitundu vilevile mnavyovilipia. Na baada ya miaka kadhaa lipu ya chini itaanza kubomoka. Msishtuke, ndiyo kazi yake, mtaipiga tena sehemu hiyo tu.

Kuhusu kaka, usimwambie kwamba shangazi kashinda. Anayetuma fedha kutoka mbali anataka kuona kitu kimebadilika kwenye picha, na marumaru hupigika picha vizuri. Mtumie orodha yenye mpangilio wa fedha: umeme wiki hii, kibali, paa na matundu ya maji kabla ya masika, ukanda wa uwani, bomba kama linavuja, kuvua saruji, chokaa ya maji kwa harusi, boriti na lipu baadaye. Zege, marumaru na ubomoaji vikiondoka kwenye hesabu, nadhani ataona fedha imebaki. Mtafuteni pia fundi aliyewahi kufanya kazi ya chokaa, mwende mkaione nyumba aliyoipiga zamani kidogo, siyo ya mwezi uliopita. Muulizeni swali moja: chokaa yake anaizimua lini. Akisema siku ya kazi, mwageni.

Na siku chokaa itakapozimuliwa uwani, watoto wawe kwa jirani. Ikikutana na maji huchemka na kuruka, tone moja jichoni ni hospitali. Wanaoichanganya wavae miwani na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu.